Gunia Lililolowa Juu ya Kompyuta

Mwaka ule wa tisini na nane nilikuwa nauza samaki wa migebuka kwenye mwalo wa Katonga, kando ya ziwa. Nikimaliza kuuza napanda kwenye ofisi ya watoto waliopotea, kumuuliza karani Nikodemu kama mjukuu wangu Elida ameonekana. Tulipotezana siku tunashuka kwenye boti kutoka Kongo, ana miaka mitano.

Ijumaa moja nikamwona. Kwenye kioo cha kompyuta, amenyolewa nywele, na lile kovu juu ya jicho la kushoto.

"Ndiye! Yuko kambi gani?"

"Ngoja, Bibi. Namba yake ya kambi imo ndani. Mashine inapanga picha, ikimaliza tunaifungua."

Mashine ile ilikuwa na homa siku zote. Ndani mna diski ya chuma inayozunguka, Nikodemu alinieleza, ndiyo inayoshika majina yote, na joto huiua. Feni yake ndogo ilikuwa imekufa zamani. Kwa hiyo alifungua ubavu wa sanduku, akalisogeza mbali na ukuta unaopigwa jua, akalielekezea feni ya mezani. Saa saba feni nayo ikakwama.

"Nakimbia kwa Feliksi, yule fundi jirani, kuazima nyingine. Usiizime, picha zitaharibika. Nitunzie tu isipate joto."

"Nenda, baba. Samaki wangu hawajaoza hata siku moja, sembuse hilo sanduku!"

Akatoka anacheka.

Nikaligusa. Moto. Basi nikafanya kama tunavyofanya Katonga jua likiwa kali: nikachovya gunia, nikalikamua mara tatu lisidondoshe hata tone, nikalifunika sanduku lote. Ule ubavu uliokuwa wazi nikauziba vizuri. Nikakaa, nimeridhika. Mara nikasikia kitu kinagonga ndani, kama ukucha kwenye bati. Kisha kimya. Kioo kikawa cheusi.

Nikodemu alirudi na feni kwapani. Akaliinua gunia taratibu, lina joto kama limetoka jikoni.

"Bibi, ilikuwa inapumulia hapa ubavuni."

"Picha hazikuandikwa mahali pengine?"

"Zilikuja kwenye disketi. Tulizinakili, tukazifuta, tukazirudisha zijazwe picha nyingine."

"Na kambi yake hukuiona?"

"Niliona uso tu, kama wewe. Makambi ni mengi, na watoto wanahamishwa kila wiki."

Alijaribu kuiwasha mpaka jua likashuka. Inagonga, inanyamaza. Mwisho akavuta karatasi tupu, hakunitazama.

"Jina la mtoto?"

"Elida."

"Umri?"

Nikasema mitano. Ilikwishapita miaka miwili tangu tupotezane, lakini Elida wa miaka saba simjui.