Cheo cha Mwezi Uliopita

Mama Pacha aliambiwa akae, na hapo hapo machale yakamcheza. Miaka sita alikuwa akishona kingo za viatu katika kiwanda kile, na kila alipoitwa ofisini alisimama mlangoni, akasomewa kosa lake, akarudi kwenye cherehani. Leo alivutiwa kiti. Chai ikaletwa, tena ya maziwa, kikombe juu ya kisahani.

"Kunywa, mama yangu, itapoa," alisema Afisa Utumishi, yule yule ambaye wiki iliyopita alimfokea kwa kwenda msalani mara mbili.

Hakunywa. Kitambaa chake cha kichwa kilikuwa bado kinanuka moshi, ijapokuwa alikwisha kukifua. Siku tatu zilikuwa zimepita tangu chumba cha gundi kiwake moto. Wanawake kumi na mmoja walikimbilia mlango wa nyuma, wakakuta mnyororo. Mlango ule ulifungwa siku zote kwa kuwa wakubwa walishuku wafanyakazi wanaiba soli. Ufunguo ulikaa kiunoni mwa mnyapara, na mnyapara saa ile alikuwa ghalani anapiga soga. Ikabidi wageuke watoke kwa mlango wa mbele, katikati ya moto. Wa mwisho kutoka alikuwa wifi yake, mdogo wa mumewe, waliyempa jina la Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo. Alikuwa amebaki anauvuta mnyororo. Mikono yote miwili iliungua hadi kwenye viwiko.

"Tumekufuatilia," Afisa aliendelea. "Wewe ni mtu makini. Uongozi umekuteua uwe Mwakilishi wa Usalama wa kiwanda kizima." Akaweka mezani kizibao cha rangi ya chungwa, kingali ndani ya nailoni yake, na karatasi moja. "Weka saini hapa tu."

Mama Pacha hakuwa mtoto. Kilemba cha ukoka alikijua hata kabla hajavishwa.

"Kazi yenyewe ni ipi, bosi?"

"Ndogo tu. Kuangalia mitungi ya kuzimia moto. Kuangalia milango. Na ufunguo wa nyuma unakaa kwako."

"Na mnyapara?"

"Mnyapara ana mambo mengi."

Akaisoma karatasi polepole, kidole chini ya kila mstari. Afisa alitazama saa, akakohoa, akasogeza peni karibu. Mama Pacha hakuharakishwa. Chini kabisa, pembeni mwa nafasi ya saini, akaikuta tarehe.

"Hapa mmekosea. Hii ni ya mwezi uliopita."

"Aa, hayo ni mambo ya kompyuta."

"Basi nikate, niandike ya leo."

"Usichafue karatasi!" Kiganja cha Afisa kilitua juu yake kabla peni haijafika. Kisha sauti ikalainika. "Mama, wakaguzi wanakuja Ijumaa. Faili lazima liwe limekamilika. Likikamilika, na barua ya matibabu ya wifi yako inatoka. Hospitali wanaingoja hiyo barua. Tunaelewana?"

Walielewana vizuri sana. Mama Pacha alikisukuma kikombe pembeni.

"Nikisaini, ina maana siku ya moto ufunguo ulikuwa kwangu."

"Mimi sijasema hivyo."

"Karatasi imesema."

Aliifikiria mikono ya Chiriku, na kwa kitambo peni ilikuwa kati ya vidole vyake. Halafu akawafikiria wale wengine kumi, na waume zao, na watoto wao, wakiambiwa kuwa aliyewafungia ndani ni yeye. Akairudisha peni mezani.

"Ufunguo ule sijawahi hata kuugusa, bosi. Nisamehe."

Alingoja matusi. Afisa alitabasamu, akakirudisha kizibao kwenye droo.

"Haina shida, mama. Hatumlazimishi mtu. Rudi kazini."

Ule upole ulimtisha kuliko ambavyo angetishwa na kelele. Mchana kutwa alishona huku akitazama mlango wa ofisi, aone nani ataitwa. Hakuitwa mtu.

Jioni, saa ya kuona wagonjwa, alikwenda hospitali akipanga maneno ya kumwambia wifi yake kwamba barua haitatoka, na kwamba sababu ni yeye. Hakumkuta kwenye korido alikolazwa tangu siku ya moto. Alimkuta wodini, kwenye kitanda chenye shuka safi, bendeji mpya mikononi.

"Wifi! Umewakosa wageni wangu!" Chiriku alidakia kabla ya salamu.

"Wageni gani?"

"Afisa mwenyewe, na matunda juu! Barua imetoka, kesho naingia chumba cha upasuaji. Halafu sikia kichekesho: wamenipa cheo. Eti Mwakilishi wa Usalama, mimi! Nikawauliza, kwa mikono hii nitasaini na nini? Wakasema wala nisijali."

Mama Pacha alilifunua shuka upande wa miguuni. Kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa cheusi kwa wino.

Alikilowesha kitambaa chake kwa maji ya chupa, akaushika ule mguu, akaanza kusugua. Wino ukatapakaa mpaka unyayoni.

"Wifi, taratibu bwana," Chiriku alicheka. "Unanitekenya."