Kupishana kwenye Barabara ya Futi Tisa

Hakimu alisema atatia saini zuio la kubomoa barabara saa nane mchana. Kaunti, kwa ujanja wake wa paka mdokozi, ikaleta lori saa mbili asubuhi. Katapila lililokuwa mgongoni likishushwa tu, maili mbili za mwisho za ile barabara kongwe namba 66 zingekuwa kifusi kabla ya chakula cha mchana.

Ardith Coble, mwenyekiti wa chama cha kuitunza barabara hiyo, wastaafu kumi na mmoja wasiolipwa hata senti, hakwenda kumlilia mtu. Aliwasha pikapu yake akalifuata lori uso kwa uso. Magoti yalikuwa mabovu, ila hasira ilikuwa mpya kabisa.

Sasa, zege la upana wa futi tisa halitoshi magari mawili. Tangu enzi za babu zao, watu wa pale hupishana kwa namna moja: kila mmoja anatoa magurudumu ya kulia nje ya zege, anainua kidole kusalimu, anapita. Asiyefanya hivyo hasalimiwi kanisani. Ardith akatoa ya kwake.

Dereva, Lonnie Tarpley, alilelewa hapo hapo. Mikono ikaitangulia akili: akakata kulia, akainua kidole. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu. Udongo mwekundu wa Oklahoma ukalimeza lori hadi ekseli, likalala upande, katapila lisiweze kushuka.

Pikapu haikuzama. Upande wake wanachama walikuwa wameshindilia kokoto miaka sita kwa majembe; upande wa pili walikuwa hawajaufikia.

"Bi Ardith, umenifanyia makusudi."

"Nimekupisha, mwanangu. Ungetaka ungepita katikati. Nani alikukataza?"

"Mama angesikia."

"Kumbe unamwogopa mama kuliko kamishna wa kaunti aliyekutuma."

"Kamishna hanipikii."

Kamishna mwenyewe alikuwa anafoka kwenye simu ya Lonnie, anataka huyo bibi aondolewe. Ardith akaichukua. "Njoo uniondoe mwenyewe. Ila vaa buti."

Hakuja. Saa nane na robo ikaja karatasi ya mahakama, na nyuma yake wanachama na trekta mbili na minyororo.

"Mnanitoa?" Lonnie akauliza.

"Tunakutoa. Fungeni mnyororo nyuma."

"Mbele ndiko karibu, Bi Ardith."

"Nyuma," Ardith akasema. "Unarudi ulikotoka."