Tundu la Pili la Spika

Mimi sikuiba kitu. Naanza na hilo kwa sababu mpaka leo kuna watu hapa kambini Kakuma wanaosema mimi, Nyawech, niliiba nusu ya spika ya kanisa. Spika iko palepale ilipokuwa, upande wa kulia wa madhabahu, na kila Jumapili watu wote wanaiona. Kama huo ni wizi, basi waende wakanishtaki.

Ni boksi kubwa la mbao lenye spika mbili ndani, moja juu ya nyingine. Nyuma lilikuwa na tundu moja tu la kuchomekea waya unaotoka kwenye amplifaya ya gitaa, na tundu hilo lilikuwa la Pal. Pal, mpiga gitaa wa kanisa, ni kijana mpole, anapiga vizuri, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ulikuwa na Mzee Thiong, mwenyekiti wa kamati ya kanisa.

Kaka yangu Lony alipopata safari ya Kanada aliniachia gitaa lake na amplifaya yake ndogo. Amplifaya ilikuwa nzima, lakini spika yake ilikuwa imekufa kwa vumbi. Kwa hiyo miaka miwili nilipiga gitaa lisilosikika. Nyimbo zote za kwaya ya akina mama nilijifunza chumbani, sikio nimelilaza juu ya mbao za gitaa ili nijisikie mwenyewe.

Siku moja nikamwomba Mzee Thiong niunganishe amplifaya yangu kwenye spika ya kanisa. Akaniuliza naona matundu mangapi.

"Moja," nikasema.

"Na hilo moja lina mtu. Nyinyi wanawake mna makofi na vigelegele, vinawatosha. Mungu angetaka mwanamke apige gitaa, angetuletea spika ya matundu mawili."

Kamati nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, sitadanganya, lakini nilicheka kwa midomo tu.

Haukupita mwezi, spika ikaanza kukoroma. Fundi wa kuaminika yuko mjini Lodwar. Pal alikuwa na mitihani, na wanaume wa kamati wote walikuwa na shughuli, zile shughuli zinazozuka mzigo ukionekana. Nikajitolea. Nikapewa kibali cha kutoka kambini siku tatu, boksi likafungwa juu ya gari, na Mzee Thiong akaniagiza mbele ya watu: "Fundi atengeneze inayokoroma. Asiguse kitu kingine."

Fundi mwenyewe ni mwanamke, Mturkana, anaitwa Akaale. Duka lake liko nyuma ya soko, limejaa redio zilizofunguliwa matumbo.

"Ejok," akanisalimu bila kuinua kichwa.

"Ejok-noi."

Akafungua mgongo wa boksi, akapitisha kidole. Karatasi ya spika ya chini ilikuwa imechanika. Akaiziba kwa karatasi nyembamba na gundi, akaiacha ikauke. Nikabaki naangalia ndani. Nikaona waya mbili fupi zinazotoka spika ya juu kwenda ya chini, nikauliza ni za nini.

"Hizo ndizo zinazozifunga pamoja," Akaale akasema. "Moto wa amplifaya unaingia hapa kwenye tundu, unafika ya juu, ya juu inamgawia mwenzake."

"Na ukizikata?"

Hapo ndipo aliponitazama. "Nikizikata, ya chini inanyamaza. Labda niitobolee tundu lake. Hapo kila moja inajitegemea, kila moja na amplifaya yake. Hizi ni ohm nane nane, na amplifaya lazima ilingane nazo. Kuna amplifaya ya pili?"

"Iko. Nyuma imeandikwa ohm nane." Maandishi yale nilikuwa nayajua kwa moyo.

"Spika ni ya nani?"

"Ya kanisa."

"Na wewe ni nani kwa hilo kanisa?"

"Nafagia. Napika siku za mikutano. Nimebeba spika mpaka Lodwar."

"Basi na wewe ni mwenye spika. Lakini nikwambie mapema, dada, huyo anayepiga sasa sauti yake itapungua."

Nikamkumbuka Pal. Nikaona haya, tena si kidogo. Hajawahi kunikosea. Nikamwambia Akaale: "Nzima abaki nayo yeye. Yenye kiraka nichukue mimi."

Akaale akakuna shingo. "Naweza pia kuweka swichi. Ukiigeuza huku zinaungana, ukiigeuza huku zinaachana. Hapo hakuna wa kulalamika."

Lilikuwa wazo zuri, na kwa dakika nzima nililitamani. Ningerudi nyumbani bila vita. Kisha kichwani nikamwona Mzee Thiong akitembea polepole kuelekea kwenye hiyo swichi, Jumapili ya kwanza, ya pili, na ya tatu hata hatembei tena kwa sababu imeshaachwa upande wa kuunganisha.

"Hapana," nikasema. "Swichi sitaki. Kata."

"Wewe ni mbaya," Akaale akasema, na kwa mara ya kwanza akacheka.

Akazikata. Akachukua drili yenye meno ya duara, akatoboa mbao ya nyuma karibu na tundu la zamani. Kipande cha mbao cha mviringo, kama kifuniko cha chupa ya maziwa, kikaanguka miguuni pangu. Nikakiokota, nikakitia mfukoni. Akafunga tundu jipya, akachomelea waya zake kwa risasi ya kuyeyushwa, nyekundu kwa nyekundu na nyeusi kwa nyeusi, kisha akapitisha muziki wa simu yake upande mmoja baada ya mwingine. Upande wangu ulikuwa na mkwaruzo mdogo. Nikasema sawa.

Jumapili nilifika kanisani mapema, amplifaya ya Lony kichwani. Pal akachomeka waya wake, akagusa nyuzi, akakunja uso.

"Dada Nyawech, mbona sauti imepungua?"

"Imepungua kweli, na ni mimi niliyeipunguza. Spika ya juu ni yako. Ya chini ni yangu."

Akachungulia nyuma ya boksi, akayaona matundu. "Ungeniambia," akasema, na alikuwa na haki. Halafu akasogeza kiti chake kando ili amplifaya yangu ipate nafasi.

Mzee Thiong akaja akichechemea kwa haraka, Biblia kwapani. Akina mama wa kwaya walikuwa wameshasimama kwa wimbo wa kwanza, na watu wa benchi zote wametukodolea macho.

"Nani alikuruhusu?"

"Mzee, wewe ulisema Mungu angetaka tupige, spika ingekuwa na matundu mawili. Hesabu."

Akina mama wakaguna. Mmoja akacheka waziwazi. Mzee Thiong akateremsha sauti: "Nyawech, nakuagiza. Rudisha kama ilivyokuwa. Sasa hivi."

Nikaingiza mkono mfukoni, nikatoa kile kipande cha mbao, nikamwekea kiganjani.

"Hiki ndicho kilichotoka," nikamwambia. "Rudisha wewe."

Akakitazama. Akazunguka nyuma ya boksi, akainama na magoti yake mabovu, kipande mkononi, akitafuta pa kukirudisha. Lakini waya wangu ulikuwa umeshaingia kwenye lile tundu, na mimi nilikuwa nimeshaanza kupiga.