Moshi wa Saa Kumi

Saa kumi kasorobo Rodah alimaliza kupiga deki kwa maktaba, akasogeza meza ya magazeti karibu na dirisha ndio majivu isiangukie gazeti ya leo. Nje ukungu ulikuwa umelala juu ya majani chai, na wachumaji walikuwa wanarudi na vikapu mgongoni. Saa kumi kamili nyanyake akatokea kati ya rafu ya Jiografia na rafu ya Historia, akapanga mawe yake matatu, akawasha moto.

Huyo nyanya, Kogo Tapkigen, alikufa kabla Rodah azaliwe. Alianza kuja mwezi wa tatu. Kwanza ilikuwa moshi peke yake, halafu mikono, halafu yeye mzima na kibuyu cha maziwa. Wasomaji walisonga kidogo. Wanafunzi wa fomu foo walisema kukiwa na moto hesabu inaingia vizuri. Ajwang, mkutubi, ambaye kwao ni upande wa ziwa, alimuita dani, venye huita nyanyake. Shida yake ilikuwa moja tu: kwa kitabu cha wageni amwandike msomaji ama mfanyakazi. Mwishowe akaandika, "Mwenye boma."

Kwa sababu boma ilikuwa hapo. Babake Rodah alikuwa anasema hivyo kila Krismasi: jiko ya mamake ilikuwa pale pale. Halafu wazungu wa chai wakataka mahali pa kuweka vitabu vyao. Watu wakaambiwa wachukue ng'ombe waende, wakaenda mpaka upande wa Ndanai. Rodah ndiye wa kwanza kurudi, na alirudi kufagia.

Mwaka huu maktaba imefikisha miaka mia. Ofisi ya kampuni ya chai ilimtuma karani wake, Gibson, aandike historia ya maktaba kwa mistari sita, ichongwe kwa bamba la shaba, iwekwe ukutani. Rodah alitaka mstari mmoja. Hakutaka shamba, hakutaka kushtaki mtu. Alitaka tu iandikwe kwamba hapa palikuwa na boma, na jina ya Tapkigen. Alimwambia Gibson hivyo mara tatu.

Mara ya tatu Gibson alikuwa ameketi kwa kiti ya watoto kando ya moto, laptop kwa magoti, kikombe ya mursik, yale maziwa ya kibuyu, mkononi.

"Mama Rodah, mimi naweza andika," alisema. "Shida ni faili. Faili inasema hapa hapakuwa na mtu."

"Na hiyo unakunywa ni ya nani?"

Gibson aliangalia kikombe. "Ya Kogo. Na inashinda ya kwangu nyumbani, usiambie bibi."

"Basi andika."

"Wataniuliza ushahidi iko wapi."

Kogo alimwongezea. Gibson alipokea na mikono miwili, akashukuru kwa heshima yote, akaendelea kuandika.

Ajwang naye alituma barua kwa ofisi, na picha kumi na mbili za Kogo akipika. Baada ya wiki mbili ofisi ilijibu kwamba picha ni nzuri, na ikatuma mtungi wa kuzima moto.

Bamba liliwekwa siku ya Ijumaa. Kulikuwa na maombi, kwaya, na keki imetengenezwa kama kitabu. Mgeni wa heshima alisoma mistari yote sita, akisimama hapa na pale kufuta macho, kwa sababu ya moshi. Watu walipiga makofi. Kogo aligawa uji ya wimbi, na ikatosha.

Walipoenda, Kogo aliuliza hiyo chuma inasema nini.

"Inasema hapa hapakuwa na mtu," Rodah akamwambia.

"Wanaongea juu yetu?"

"Ndio, Kogo."

Kogo alisukuma ukuni ndani. "Na uji wamekunywa?"

"Wamemaliza."

"Sawa. Leta kuni zingine, mvua inakuja."

Moshi hupandia huo ukuta. Ikifika Jumatatu bamba limekuwa jeusi, huwezi soma kitu. Rodah huchota majivu kidogo hapo kwa mawe matatu, maana hakuna kitu inasafisha shaba kama majivu, akalisugua na kitambaa, mstari kwa mstari, mpaka yote isomeke ukiwa mlangoni.