Lebo Nyekundu Mkononi mwa Vlasta

Moyo umeimbiwa vya kutosha. Umechorwa kwenye kadi, umeapiwa kwenye harusi, na hapa kwetu umetengewa hadi siku yake mwezi wa Februari, watu wale chokoleti kwa heshima yake. Limfu haijaimbiwa na mtu. Damu ikipita kwenye mishipa yake huvujisha maji nyamani mchana kutwa, na ni limfu inayoyazoa maji hayo, ikayapitisha kwenye tezi za shingoni, kwapani na kinenani ambako vijidudu hukamatwa na kuuawa, kisha ikayarudisha safi karibu na moyo. Moyo unapata sifa. Limfu haina hata pampu yake. Inasukumwa na misuli ya mwenye mwili anapotembea, anapoinua mkono, anapovuta pumzi. Mwenye mwili akikaa tu, nayo inakaa.

Mimi sikusomea udaktari. Nilitoka shule nikiwa kijana nikaenda kushika kisu, na mengine nimeyatoa kwenye vitabu vya maktaba ya mji na kwenye vichwa vya nguruwe. Lakini sisahau. Waliotaka tusahau wameshakufa wengi, na mimi bado naandika.

Mji wetu wa Kolar, Nebraska, ni mji wa Wacheki. Babu zetu walitoka Bohemia wakijua kutengeneza soseji, na wajukuu tukaishia kwenye kiwanda cha Haldane kutengeneza soseji za watu wengine. Nazungumzia mwaka 1974. Nilikuwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi kwenye sakafu ya kuchinjia, na meza iliyofuata yangu ilikuwa ya Vlasta Hromadka, mjane, mpiga kodiani, mwanamke ambaye akicheka hata mashine ilikuwa haisikiki.

Kazi ya Vlasta ilikuwa vichwa. Nguruwe anakuja ananing'inia kwenye mnyororo, na yeye anafungua chini ya taya ili tezi za limfu zionekane. Anayefuata ni mkaguzi wa serikali. Huyo anazichana tezi, anatazama kama zina kifua kikuu au usaha. Akiona baya, anatundika lebo nyekundu: IMEZUIWA. Hapo hakuna wa kuugusa mzoga ule. Unasukumwa kwenye reli ya pembeni, na lebo haitoki mpaka Daktari Tollefson, daktari wa mifugo wa serikali, aje kuitoa kwa mkono wake. Mwaka wa nyuma yake nyapara mmoja alijitia ujuaji akaing'oa lebo. Serikali ilikifunga kiwanda, na mzee Prescott Haldane alilia mbele ya watu kama kafiwa. Tangu hapo lebo ile ilikuwa inaogopwa kuliko moto.

Kwa hiyo hakuna nguruwe aliyepita kwa Haldane bila serikali ya Marekani kumtazama tezi zake. Vlasta alifanyiwa upasuaji wa saratani, wakamtoa titi na tezi zote za kwapani, na hakuna aliyemwambia hata neno tezi zile zilikuwa zinafanya nini.

Alirudi kazini majani yanapukutika. Hazikupita wiki nyingi mkono wa kushoto ukaanza kujaa. Kwanza pete ilimbana, akaikata kwa koleo. Baadaye glovu ya chuma, ile tunayovaa tusijikate, ikakataa kuingia.

“Ludvik,” aliniambia, “nimekuwa na mkono wa mwanamieleka. Nitafutie mume wa kumpiga.”

“Nenda kwa daktari wa kampuni, dada.”

“Nimeshatoka kwake. Kaniambia nipunguze chumvi.” Akacheka. “Nile kabichi bila chumvi! Huyo mtu hajawahi kukaa na Mcheki.”

Daktari wa kampuni aliitwa Pruitt. Alikuja mchana tu, na alikuwa na dawa mbili, aspirini na ushauri. Safari hii akaongeza ya tatu: Vlasta akae. Asiguse kazi. Akakae kwenye Chumba cha Mapumziko.

Usidhani chumba hicho kilitoka kwenye huruma. Haldane alikuwa anawinda tuzo ya usalama, bamba la shaba la kubandika mlangoni. Mfanyakazi akiumia akabaki nyumbani, alihesabiwa kama ajali. Akiumia akaja kazini akakaa kwenye kiti, hakuhesabiwa. Basi magari ya kampuni yalikuwa yanakwenda majumbani kuwachukua watu waliovunjika miguu, watu wenye vidole vilivyoshonwa, wanaletwa na plasta zao, wanakalishwa nyuma ya kioo wanatutazama tukifanya kazi. Wanalipwa kwa kukaa. Ukilalamika, unaambiwa huna shukrani.

Vlasta akakaa. Mkono umelala pajani kama mtoto wa mtu mwingine. Na kadiri alivyopumzishwa ndivyo ulivyojaa, mpaka kiwiko kikapotea na ngozi ikawa inang'aa.

Siku moja wakati wa chakula, nimekaa naye tunakula kolache, yale maandazi ya Kicheki, za zabibu, alizooka mwenyewe kwa mkono mmoja, Daktari Tollefson akachungulia mlangoni. Alikuwa mrefu, mkimya, buti zake zina damu. Aliutazama ule mkono vile anavyotazama mizoga, bila haya.

“Nani kamwambia huyu mama akae?”

“Daktari,” nikasema.

“Daktari gani?”

“Wa watu.”

Akaingia, akavuta kiti. “Mama Hromadka, wamekutoa tezi za kwapani?”

“Zote. Sijui walizipeleka wapi. Labda wameziuza.”

“Hizo zilikuwa njia ya maji ya mkono huu kutoka. Sasa njia kubwa imefungwa, zimebaki vichochoro. Maji yanapita vichochoroni ukiutikisa mkono na kuuinua. Ukikaa hivi, hayapiti. Ungefungwa bendeji ya kubana, upewe kazi ya kuinua mikono. Na usikubali kuchomwa wala kujikata mkono huu hata kidogo. Kijidudu kikiingia humo hakuna tena askari wa kukikamata.”

“Basi waambie,” akasema Vlasta. “Nenda kamwambie Haldane.”

Tollefson akainuka, uso umemshuka. “Mimi mamlaka yangu yanaishia kwenye mkia, mama. Nguruwe wakiwa na malalamiko, nitasikilizwa. Binadamu ni wa Pruitt.”

Vlasta hakungoja. Alipanda mwenyewe ofisini kwa Haldane, nami nyuma yake. Akaomba kazi ya kuning'iniza soseji kwenye fito, idara ya kukausha kwa moshi, huko hakuna visu na mikono inakwenda juu kutwa.

“Mama yangu,” akasema Haldane, na akamshika bega, vile wanavyoshikwa wagonjwa. “Umepitia mengi. Nitakuwa mtu gani nikikufanyisha kazi?”

“Utakuwa mtu aliyenisaidia.”

“Pumzika.”

“Bwana Haldane, kiti chako kinaniua.”

“Tutakuletea chenye mto,” akasema.

Na kweli kililetwa. Cha ngozi, chenye mto. Pruitt naye, ili asionekane hafanyi kitu, akaja na sindano ya vitamini. Vlasta akampa mkono wa kulia. Pruitt akasema wa kushoto umenona, sindano haitauma, akamdunga hukohuko. Nilikuwa upande wetu wa kioo nina kisu mkononi. Nilipiga kioo, akanipungia kunisalimu.

Haikuchukua muda. Asubuhi moja gari lilimshusha Vlasta mlangoni, macho yamezama, anatetemeka. Mkono ulikuwa mwekundu kuanzia kiwiko, na mstari mwekundu unapanda kuelekea begani. Akatoka chumbani, akaja hadi kwenye meza yetu amejishika ukutani.

Nyapara wetu alikuwa Lyle Bengtson, mtu asiye mbaya, mtu wa kanuni tu. Mtu asiye mbaya ndiye amenikondesha mimi maisha yangu yote.

“Lyle,” akasema Vlasta, “nipe ruhusa niende hospitali Omaha.”

“Pruitt anakuja mchana, mama. Akikuandikia, nenda.”

“Mchana nitakuwa nimekufa.”

“Usiseme hivyo. Rudi ukakae. Ukitoka bila karatasi ni utoro, na tuzo imebaki kidogo tu, unajua hali ilivyo.”

“Lyle, mwanangu, nilikushika ulipobatizwa.”

“Ndiyo maana nakuomba ukakae.”

Tulikuwa tumeshaanza kuweka visu chini, mimi na wenzangu. Lakini Vlasta alitutangulia. Mkaguzi alikuwa na lebo zake kwenye ndoano pale mezani. Vlasta akachukua moja, akaipitisha kwenye tundu la kifungo cha mkono wa koti, ule wa kushoto, akauinua juu kadiri alivyoweza.

“Basi na mimi nimezuiwa,” akasema. “Nileteeni daktari wa nguruwe.”

Ulikuwa mzaha, na mzaha wenyewe mchungu. Watu wawili watatu wakacheka. Lyle hakucheka. Aliiona lebo nyekundu, na mkono wake ukaenda kwenye kitufe wenyewe, kama ulivyofundishwa, akausimamisha mnyororo. Nguruwe wote wakabaki wanayumba. Yakasikika maji yanadondoka.

“Itoe,” akasema.

“Itoe wewe.”

Akanyoosha vidole. Akavirudisha. Niliona jasho linamtoka mtu amesimama kwenye baridi.

“Haiwezekani kumwekea mtu,” akasema, akimtazama mkaguzi. “Si ndiyo? Hii si halali?”

Mkaguzi alikuwa kijana wa Lincoln, mgeni kazini. “Sijawahi kuona,” akasema. “Ila kanuni haisemi nguruwe. Inasema lebo haiondolewi na mtu yeyote isipokuwa daktari.”

“Yesu wangu,” akasema Lyle. “Msogezeni kwenye reli ya pembeni.”

Na akasogezwa! Nakuapia. Akapewa ndoo ya kukalia, chini ya mizoga miwili yenye usaha, akingoja zamu yake. Mara ya kwanza tangu augue, Vlasta alikuwa ameingia kwenye utaratibu unaofanya kazi.

Tollefson alifika anakimbia, maana mnyororo ukisimama kila mtu hukimbia. Akamshika Vlasta shingo, akapandisha mkono wa koti, akaufuata mstari kwa kidole mpaka karibu na bega.

“Huyu angekuwa nguruwe,” akasema kwa sauti ya kusikika sakafu nzima, “ningemtupa mzima mzima. Sumu inaingia kwenye damu. Lyle, gari. Sasa hivi.”

“Pruitt hajaandika…”

“Mnyororo huu hauondoki mpaka niseme mimi, na mimi sisemi mpaka nione gari limetoka getini. Chagua.”

Gari lilitoka. Hospitali ya Omaha waliwahi. Walimtilia dawa mshipani, mkono wa kulia, na alipopona homa wakamfundisha kuufunga mkono bendeji na kuupandisha ukutani kwa vidole kila siku. Hawakumwambia kitu ambacho daktari wa nguruwe hakuwa amekisema siku ile ya kolache.

Bado yuko kitandani, Lyle akaniletea ujumbe, anatazama buti zake. Kampuni imeamua: Vlasta asirudi. Alitoka kazini bila ruhusa ya daktari wa kampuni na alikaa siku nyingi nje. Mjane, mkono mmoja, hana bima akifukuzwa, na bendeji zile hazikuwa kitu cha kununua mara moja. Nilianza kupita meza kwa meza kuwauliza watu kama wako tayari kugoma. Wengine walikuwa tayari. Wengine walikuwa na watoto.

Ndipo tuzo ikaja. Haldane alitukusanya chumba cha kulia, kuna mapaja ya nguruwe yaliyookwa na nanasi, kuna bwana wa bima aliyeshika bamba la shaba, kuna mwandishi wa gazeti na kamera. Haldane akasimama.

“Katika msimu huu wote,” akasema, “hakuna mfanyakazi hata mmoja aliyekosa siku kwa sababu ya kuumia au kuugua kazini. Hata mmoja! Kila mtu alikuwa hapa. Familia moja!”

Watu wakapiga makofi kidogo. Nyuma mlango ukafunguliwa. Vlasta, katoka hospitali asubuhi hiyo, amevaa gauni lake la kupigia kodiani, mkono umefungwa toka vidoleni. Alikuwa amekuja kuchukua viatu na visu vyake. Aliyasikia yote.

“Rudia, Bwana Haldane,” akasema. “Hakuna aliyekosa?”

Haldane akamwona. Akaona na mwandishi anamwona.

“Hakuna,” akasema.

“Na mimi?”

Bwana wa bima akageuka kumtazama. Ningetoa mshahara wa mwezi kuuona uso ule wa Haldane tena. Akisema alikosa, bamba linarudi kwenye sanduku. Akisema hakukosa, kamfukuza kwa utoro gani?

“Na wewe, mama,” akasema. “Ulikuwa nasi.”

“Nilikuwa kazini.”

“Ulikuwa kazini.”

“Asante. Nilidhani nimefukuzwa, kumbe homa tu.” Akasogea mbele, watu wakimpisha. “Basi mbele ya wageni hawa naomba idara ya moshi. Soseji. Kuanzia kesho.”

Kamera ikalia. Haldane akapiga makofi, polepole, kisha kwa nguvu, na sisi tukampigia Vlasta, si yeye.

Alining'iniza soseji mpaka akastaafu. Mkono haukurudi ulivyokuwa, na kodiani alimpa mpwa wake kwa sababu vidole vilikuwa vizito. Lebo za serikali tangu hapo zikawekwa kwenye kabati lenye kufuli, na sheria mpya ikabandikwa ukutani kwamba haziruhusiwi kutundikwa kwa binadamu. Kiti cha ngozi kilibaki nyuma ya kioo. Jumatatu iliyofuata gari lilimleta Bohumil wa mashine ya kukwangua manyoya, mgongo umemteguka, wakamkalisha.

Nikaweka kisu chini, nikaenda kumwambia asimame, aende nyumbani akahesabiwe.