Bakuli la Mzee Alawi

Kila asubuhi kabla ya wageni, Zuleica alifuta vioo vya maonyesho pale ukumbini Palma: kwanza makabati ya vyombo vya China, kisha picha za Kitibeti zenye mapazia ya hariri, mwisho turubai lenye mchoro wa kisasa wa wino mweusi ambalo watu hulipita haraka. Jumamosi alipofikia bakuli la buluu na nyeupe, alimkuta baba yake ameketi kwenye kiti cha mlinzi. Mzee Alawi alifariki zamani, kabla kijiji chao hakijahamishwa kupisha mradi wa gesi.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Futa na hapo pembeni, pana vumbi."

Alifuta. Kabati lilikuwa limefungwa kwa ufunguo, na bakuli ndani yake lilikuwa limejaa maji hadi ukingoni.

Sónia, msimamizi wa maonyesho kutoka Pemba ya Msumbiji, alikuja. "Desculpa, samahani papá, hapo anakaa mlinzi. Tiketi unayo?"

"Mimi si mgeni. Nimefuata bakuli langu."

Sónia akamletea kiti cha plastiki.

Bakuli lile mama yake Zuleica alilipachika kwa chokaa kwenye jiwe la kaburi la mzee, kama walivyofanya wa zamani. Chokaa bado ilikuwa imegandia kitakoni. Wakati wa kuhama, Jamaldine, mumewe Zuleica, ndiye aliyesimamia makaburi ya ukoo. Alimleta baba mkwe kwenye makaburi mapya ndani ya sanda mpya, akasema bakuli limevunjika. Mwezi uleule akapata pikipiki.

"Kila Ijumaa nakuombea pale kaburini," Zuleica alisema.

"Nasikia kwa mbali. Pale unamwombea nani?"

Zuleica aliendelea kufuta kioo kilichokwisha kutakata.

Adhuhuri Jamaldine alikuja kumchukua. Alimwamkia mkwewe, akasimama akitazama picha ya Kitibeti.

"Umemwona huyo?" mzee aliuliza. "Ana mikono mingi na yote anaionyesha. Wewe una miwili tu, na umeitia mfukoni."

Jamaldine alicheka. Mikono hakuitoa.

Kesho yake maonyesho yalifungwa. Sónia alikausha bakuli kwa sponji, akalizungushia pamba, akalilaza sandukuni. Lori lilikuwa linakwenda Mocímboa, halafu mbali zaidi. Mzee Alawi alipanda nyuma, akakaa kando ya sanduku.

"Mpeni papá koti," Sónia alimwambia dereva. "Njiani kuna upepo."

Zuleica alipunga mkono mpaka lori lilipokata kona. Kisha akapanda pikipiki nyuma ya mumewe. Walipofika kwenye makaburi mapya, Jamaldine alisimama bila kuambiwa.

"Shuka basi umwombee mzee, Mama Nasrin. Mi nakungoja."

Zuleica hakushuka. Alitazama shingo ya mumewe.

"Nimwombee nani?" alisema. "Bakuli uliliuza, na baba ulimwacha kule."