Singa Mbichi

Sipendi kusifiwa kazi. Anayenisifia huona nimekunja uso, wala hajui kwa nini.

Mwaka 1953 nilikuwa fundi wa karakana katika shamba la mkonge nje kidogo ya Korogwe. Simeo alikuwa mfagiaji wa zahanati ya shamba, akajisomea mpaka akafanywa dresa, yule wa kufunga vidonda na kugawa dawa, akapewa pikipiki ya kupeleka dawa kambi yetu ya pili, upande wa Handeni. Meneja alimwambia wazi: siku ukiiangusha, unarudi kwenye ufagio.

Ijumaa moja aliileta inavuja oili. Yale mabomba mawili ya mbele, yanayopanda na kushuka juu ya gurudumu, yalikuwa yameliwa na kutu, vishimo vidogo vidogo, na kila yaliposhuka vilikata sili, ile mipira inayozuia oili isitoke.

"Fundi Ernesti, kesho natakiwa Handeni. Itawezekana?"

"Kwani unaongea na nani?" nilimjibu. Kiburi ndicho kilichoniponza.

Nilichomoa mabomba, nikakwangua kutu, nikajaza vishimo risasi ya kuyeyusha, nikapiga tupa taratibu mpaka nikipitisha ukucha haukwami. Ilibaki kung'arisha kwa msasa laini, na msasa ulikuwa umeisha. Mwingine ungekuja na treni ya Jumatatu kutoka Tanga. Ningemwambia asubiri tu. Badala yake nilikwenda kwenye korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, nikachukua konzi ya singa mbichi, zile nyuzi zake, zinazochuruzika maji, nikasugulia. Wake zetu wote walisugulia sufuria singa, lakini zao zilikuwa zimeoshwa na kuanikwa. Maji ya mkonge mbichi hula chuma. Visu vya korona nilivibadilisha mimi mwenyewe kwa sababu hiyo, kwa hiyo siwezi kusema sikujua. Nilipangusa juu juu, nikaweka sili mpya, nikafunga.

Wiki ya tatu Simeo alianguka kwenye mteremko wa kuingia Handeni. Mkono ulivunjika, chupa za dawa zikapasuka zote. Pikipiki ililetwa kwa lori, nikaambiwa niikague. Nilipofungua niliona vishimo vipya vimeizunguka risasi yangu, sili zimechanika, na oili imeteremka mpaka ndani ya breki ya mbele. Breki iliyolowa namna ile haisimamishi hata baiskeli.

"Ina kasoro?" meneja aliuliza.

"Hapana, bwana."

Nilijiambia nina watoto wanne. Simeo alikuwa nao watatu, ila hilo sikujiambia.

Mkono ulipopona alirudishwa kwenye ufagio. Nikipita zahanati nilitazama upande wa pili, huku natamani ajue, aje anitukane mbele za watu, yaishe. Jumapili moja akaja kweli nyumbani, kuku kwapani.

"Ndugu yangu, nimekuja kukuomba radhi," alisema. "Ulinitengenezea pikipiki ikawa kama mpya, nikaiharibu kwa mbio zangu. Kila siku nafikiri, ningeshika breki mapema kidogo tu."

Roho iliniuma. Mke wangu Stefania alikuwa amekaa pale pale, anasikiliza. Nilifungua mdomo, na naapa nilitaka kusema.

Nilimpokea yule kuku kwa mikono miwili, nikamwambia asijilaumu sana.